Barua kwa mwanangu: chagua mji kwa siku ya Jumanne

Goma, mtaa wa Himbi

Papa, mwanangu,

Nimefurahi umeniuliza kabla ya kulipa garanti ya nyumba, zile pesa za mbele za dhamana, maana mtu akishalipa ya miezi sita hana tena sikio la ushauri. Umesema kazi yako ya kompyuta inafanyika popote penye intaneti nzuri, na kwamba mara hii unataka kukaa mahali penye mto wa kuteremka kwa boti, miamba ya kupanda kwa kamba, njia za baiskeli, na mlima usio mbali. Umeniandikia miji minne: Jinja ya Uganda, Moshi ya Tanzania, Nanyuki ya Kenya, Musanze ya Rwanda. Baba yako anaona huo ni mchezo tu, anataka uulize kwanza kanisa liko wapi. Mimi kwa hili sikubaliani naye. Vijana wanaotoka nje kila siku nawajua wanavyolala, wanavyokula na wanavyoongea na watu. Na wale wanaojifungia na simu toka asubuhi nawajua pia, wako hapahapa mtaani kwetu. Wewe mwili wako ulizoea ziwa na mawe toka utotoni. Tafuta mji utakaoutosha.

Ila kuna jambo moja naomba ulitangulize mbele ya yote: usichague mji kwa sababu ya mlima wake mkubwa. Uchague kwa siku ya Jumanne.

Kilimanjaro una mita 5,895, na hakuna anayeweza kuukana. Lakini mtu anayekaa Moshi anaupanda mara ngapi? Sheria inamtaka awe na kiongozi mwenye leseni, ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku, na safari yenyewe inachukua siku tano hadi nane. Mlima wa namna hiyo unawekewa pesa na kuombewa likizo, na anayetoka Goma kwa basi anaupanda sawasawa na jirani yake. Jumanne ni kitu kingine. Jumanne unafunga kompyuta saa kumi na moja jioni, na huku kwetu karibu na ikweta hakuna majira ya joto yenye jioni ndefu. Mwaka mzima jua linazama karibu saa ileile. Musanze inafuata saa za Goma, kwa hiyo saa kumi na mbili na kitu giza limeingia. Jinja, Moshi na Nanyuki wako saa moja mbele yetu, wanapata nusu saa au zaidi ya mwanga kuliko sisi. Jiulize katika mwanga huo mguu wako unafika wapi bila gari, bila kibali, bila kumpigia mtu simu. Hapo ndipo utakapocheza mwaka mzima. Mengine ni sikukuu.

Kumbuka Goma yenyewe ilivyokulea. Watu wakisikia umetoka huku wanakuuliza habari za Nyiragongo, mlima wetu wa moto, na kweli uliupanda, mita 3,470, mkaanzia Kibati na wenzako, mkalala kule juu ukingoni mkiangalia lile ziwa la moto kabla halijamwagika Mei 2021. Lakini Nyiragongo uliupanda ukiwa tayari mtu wa milima. Waliokufanya hivyo ni wale wanaume wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma kwa mguu, wanaoshuka kutoka Kibumba na magunia ya kabichi. Ulikuwa unawangoja wapakue, kisha unawaomba chukudu tupu. Goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, mikono miwili kwenye ile pembe ya mti, na nyuma kipande cha tairi kuukuu unachokikanyaga ili gurudumu la mbao lishike breki. Siku kile kipande kilipokatika nilikushona kidevu mwenyewe, na kovu unalo. Kesho yake ulirudi kuangalia jinsi mwenye chukudu alivyopigilia kipande kipya, misumari akiipanga mistari miwili, na ukamsaidia kushika. Mimi niliona hapo kwamba mtoto huyu anapenda kuelewa chombo chake, na tangu siku hiyo sikuwa na hofu kubwa tena. Hayo yote yalikuwa mita mia chache kutoka nyumbani, pamoja na ziwa la kuogelea kila alasiri. Mji utakaokupa kitu cha namna hiyo ndio wako.

Sasa nikuambie ninavyoiona hiyo miji yako.

Jinja umeiandikia maneno mengi kuliko mingine, na naona moyo uko huko. Nile inatoka kwenye ziwa Victoria palepale mjini, kwa hiyo maji hayakauki kama mito inayongoja mvua. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa kayaki, ile boti nyembamba ya kasia, anaweza kuingia majini mwezi wowote. Ila maji hayo yana mwenye kuyafungua na kuyafunga. Bwawa la umeme la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, maporomoko ya Bujagali yaliyowaleta wageni kutoka dunia nzima yalizama. Likaja bwawa la Isimba, lilizinduliwa mwaka 2019, nalo likafunika mikondo mingine zaidi chini. Safari iliyokuwa ya siku nzima ikafupishwa. Yaliyobaki kati ya mabwawa hayo mawili bado ni makali, maporomoko ya Itanda hayachezewi na mtu anayejifunza, lakini nataka uelewe: mto unaoukusudia leo ni kipande cha mto uliokuwepo. Sisemi umeme ni mbaya. Nakaa Goma, najua maana ya kukosa umeme. Nasema anayehamia mahali kwa ajili ya maji ya mbio aulize kwanza nani anayapangia maji hayo, na kama kuna bwawa jingine mezani. Waulize vijana wa Jinja wenyewe wanaocheza kayaki na kuongoza maboti, maana wao hilo ni chakula chao. Anayeuza tiketi atakuambia kila kitu ni kama zamani.

Na kwa kuwa mimi ni muuguzi utanivumilia: ziwa Victoria na ule mto wake vina kichocho. Huoni kitu, huhisi kitu, na baada ya miezi unashangaa tumbo na uchovu. Dawa yake ipo, prazikwanteli, si ghali na inafanya kazi, mradi mtu apime. Ukikaa Jinja na kuingia majini kila wiki, upimwe kila mwaka hata kama uko mzima. Chandarua pia usikiache. Ulikulia Goma, mita karibu 1,500, malaria ya huku ni ndogo kuliko ile utakayoikuta kule chini.

Moshi una vitu viwili ninavyovipenda: utaongea Kiswahili toka sokoni hadi hospitalini, na hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC iko hapo hapo mjini. Jumanne yake ni nzuri kwa miguu na baiskeli. Unapanda njia za mashamba ya kahawa na migomba kuelekea Materuni na Kibosho, unashuka giza likiingia. Ziwa Chala liko upande wa mpaka wa Kenya kwa siku ya mapumziko. Lakini mto wa kuteremka na boti hauna, na wewe mto umeuweka wa kwanza.

Nanyuki sitakaa nao sana. Ni mji wa mtu wa miamba kweli: Batian, kilele cha mlima Kenya, mita 5,199, hakifikiwi bila kamba, ndiyo maana watembea kwa miguu wanaishia Lenana, mita 4,985. Lakini mto wa boti uko Sagana, na miamba ya hifadhi ya Hell's Gate unapoingia na baiskeli yako katikati ya pundamilia iko Naivasha, mbali. Bila gari utakaa unaangalia mlima dirishani.

Musanze ndio mgumu kwangu kuuandika, kwa sababu ni karibu. Kwa baiskeli sina la kuupinga: wale ndugu wameifanya baiskeli kuwa heshima ya nchi, hata mashindano ya dunia ya barabarani yakaenda Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza katika Afrika. Ungekaa Gisenyi ungekuwa na ziwa letu lilelile, na ile njia ya kilomita 227 inayofuata ukingo wa Kivu mpaka Kamembe, unakwenda kwa mguu au kwa baiskeli. Nami ningevuka mpaka na jetoni, ile karatasi ya kupitia, Jumapili nikuletee sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nimewaza hivyo usiku, sikufichi. Lakini volkano za kule, Bisoke na Karisimbi, ziko ndani ya hifadhi, zinataka kibali na malipo kila mara, na miamba ya kamba na mto wa maji ya mbio huna. Usiuchague kwa ajili yangu. Na kurudi Goma sasa sikuombi, hali ya usalama unaijua kama mimi.

Popote utakapokwenda, tafuta kwanza mazuku yake. Hapa mtoto wa Himbi anajua bila kufundishwa shuleni kwamba kuna mashimo yasiyolaliwa. Mazuku ni ile hewa nzito ya sumu: inatoka ardhini, haina rangi, inajikusanya bondeni hasa alfajiri kabla upepo haujaamka, na ishara yake ni mjusi au ndege amelala pale bila jeraha. Mgeni anapiga hema hapo kwa sababu ni pazuri, pamejikinga. Kila mahali pana kitu kama hicho ambacho wenyeji wanakijua na ramani haikionyeshi. Mtoni ni mti uliozama, maji yanapita katikati ya matawi na mtu anabaki. Mlimani ni ule ugonjwa wa juu. Kuanzia mita 2,500 unaweza kumkamata yeyote, hata mwenye nguvu, hata aliyezaliwa Goma. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, usipande zaidi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kukohoa akiwa amekaa tu, anashushwa usiku huohuo, hakuna kungoja asubuhi.

Nimefanya kazi wodi ya mifupa muda mrefu. Wanaoniumiza moyo ni wale waliovunjika vibaya mchana na kutufikia kesho yake, mguu umefungwa kwa kitenge na vijiti, kwa sababu hakuna aliyejua nani aitwe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza hivi: nikivunjika paja kule juu, nani anakuja, kwa njia gani, na daktari wa upasuaji yuko umbali gani? Soma pia bima yako kwa makini, nyingi zinaiondoa michezo ya kamba na maboti katika maandishi madogo ya mwisho. Kofia ngumu na jile la kuelea majini nunua vyako, vinavyokukaa sawasawa. Kamba usinunue iliyotumika, hata muuzaji akiwa rafiki, kwa sababu huijui imebeba nini.

Halafu nenda ukakae kwanza. Lipa mwezi kwa mwezi, na uende Aprili mvua ikinyesha, si Julai wakati kila mji ni mzuri. Utaona njia zipi zinageuka matope, intaneti inakatika mara ngapi, na wewe unafanya nini siku ambayo hakuna mlima. Hapo ndipo wingi wa michezo una maana: njia za juu zikifungwa na mvua, maji yanakuwa mazuri, maji yakikuchosha, kuna baiskeli. Angalia pia kama wenyeji wanacheza. Penye wageni tu, utapata wenzako wa wiki mbili mbili, na kila mara utafundisha mtu mpya kukushikia kamba. Kamba inataka mtu unayemjua hasira yake na uchovu wake.

Karatasi usizidharau. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kibali cha kukaa na cha kufanya kazi bado ni cha kuulizia ofisini katika kila nchi.

Ukinitaka niseme mji, nasema Jinja, pamoja na mabwawa yake. Jumanne una mto, na msitu wa Mabira uko njiani kuelekea Kampala kwa baiskeli ya msituni. Mwisho wa wiki unakwenda Sipi, kwenye mbavu za mlima Elgon, kuna miamba ya kupanda na maporomoko unayoteremka pembeni yake kwa kamba. Milima ya Rwenzori na kilele chake Margherita, mita 5,109, wekea pesa ya mwaka. Lakini tafuta nyumba upande wa mto, si mjini, na iwe na chumba cha chini cha kuanika vyombo. Kayaki na kamba zenye maji hazipandi ngazi kila jioni.

Baiskeli yako iko kwa mama mkubwa, baba yako ameitia mafuta na kubadili mnyororo, pamoja na maneno yake yote. Kuna dereva wa basi la Kampala tunayemwamini, anakubali kuibeba juu. Niambie ukishapata chumba cha majaribio, na uniandikie jina la hospitali iliyo karibu, niulizie kwa wauguzi wenzangu kama ina mtu wa mifupa.

Mama yako