Wakuu wa vyuo binafsi tuwajue, wasiwe sahihi tu kwenye cheti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hawa wakubwa wa vyuo vikuu binafsi, maana kila mwaka msimu wa kuomba vyuo ukifika wazazi tunaulizana ada shilingi ngapi, hosteli ipo, kozi ina mkopo au haina, ila sijasikia hata mmoja anauliza chuo kinaongozwa na nani na aliyekuwepo kabla yake aliondoka kwa nini. Mimi mwenyewe sikuuliza. Binti yangu kamaliza chuo kimoja binafsi, sitakitaja, miaka mitatu aliyokaa pale wamebadilika wakubwa wawili, na transkripti yake ikakaa miezi minne inasubiri sahihi ya mkubwa mpya. Kila akienda anaambiwa njoo wiki ijayo, nauli ya kutoka Mbagala inateketea, na nafasi ya kazi ya kufundisha aliyokuwa keshaitiwa ikampita. Nikamuuliza huyo mkubwa wa zamani kaenda wapi? Hajui. Wenzake nao hawajui, hakuna aliyetangaziwa kitu.

Wengi tunachanganya vyeo pia. Kwetu Mkuu wa Chuo ndo yule wa joho siku ya mahafali anayetunuku shahada, lakini mwenye shughuli yenyewe, walimu, hela, mitihani, ni Makamu Mkuu wa Chuo. Marekani huyo wa shughuli wanamwita rais wa chuo, na kwenye chuo binafsi bodi ya wadhamini ndo inamchagua na hiyohiyo ndo inamtoa. Sasa bodi ikilala nani amwamshe mwenzake? Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, tunayo tangu 2005 na inasaidia, ila TCU haikai naye ofisini asubuhi hadi jioni.

Nimeanza kufuatilia haya kwa sababu ya marehemu baba. Alikuwa anapenda kutuhadithia ule Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika wa Juni 1974 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jinsi watu weusi wa Marekani walivyojaa Dar, na jina la chuo cha Howard halikumtoka mdomoni. Chuo binafsi hicho, kinajulikana kama chuo cha watu weusi, kipo Washington, kilianza 1867 muda mfupi baada ya utumwa kufutwa. Nilidhani toka siku ya kwanza kiliongozwa na mweusi. Wapi! Jina ni la Jenerali Oliver Otis Howard, mzungu, na yeye mwenyewe alikuja kuwa rais wake 1869. Baadaye akakaimu John Mercer Langston, mwanasheria mweusi aliyekuwa ameanzisha kitivo cha sheria palepale, kazi anaijua, watu wanamkubali, bodi ikakataa kumpa kiti moja kwa moja, basi 1875 akaondoka na walimu wenzake wa sheria wakaondoka naye. Hiyo habari iliniuma kama vile ni ya juzi.

Ikabidi wasubiri mpaka 1926 ndo akapatikana rais wa kwanza mweusi, Mordecai Johnson, mchungaji wa Kibaptisti, umri miaka 36 tu. Akakaa miaka 34! Na cha kwanza alichopigania siyo kujenga geti, alienda kuhangaikia hela, maana serikali ya Marekani ilikuwa inakipa chuo msaada kila mwaka lakini kwa hisani tu, mbunge akinuna mmoja inaleta shida, na 1928 ikapitishwa sheria msaada ule uwe na msingi. Halafu akaachia watu wenye uwezo wafanye kazi, Charles Hamilton Houston akaibadilisha shule ya sheria iliyokuwa ya jioni ikawa ya kutwa nzima na yenye ithibati, humo akatoka Thurgood Marshall, huyuhuyu aliyeshinda kesi ya 1954 ya kuondoa ubaguzi mashuleni na ambaye 1960 alikaa na majirani zetu Wakenya kule London kuwaandikia rasimu ya haki za raia. Na mwaka 1950 Johnson katoka India, akahutubia Philadelphia kuhusu Gandhi, yule aliyepigania uhuru wa India bila kumwaga damu, kijana mmoja alikuwa kakaa anasikiliza, akatoka pale akaenda kununua vitabu vya Gandhi. Kijana huyo ni Martin Luther King, yule aliyekuja kuongoza weusi wa Marekani kudai haki zao.

Sisemi alikuwa malaika. Walimu wake wengi walilalamika kwamba ana ubabe, hataki kupingwa, na mwanasayansi mkubwa Ernest Just walishindana naye miaka. Hayo yote yameandikwa, mazuri na mabaya, mwanafunzi wa Howard leo akitaka anasoma. Hata 1989 wanafunzi walipolikalia jengo la utawala kwa sababu bodi imemwingiza mwanasiasa wasiyemtaka, Lee Atwater, awe mjumbe wake, Atwater akajiuzulu mwenyewe na rais wa chuo James Cheek naye hakukaa sana akastaafu. Wale vijana walijua bodi ni nani na rais ni nani, ndo maana walijua pa kwenda kugonga.

Sisi vijana wetu wanagonga dirisha la masjala.

Kwa hiyo Mhariri nakuomba kitu kimoja, kipindi cha udahili mkitoa yale matangazo ya vyuo pembeni wekeni na majina ya waliowahi kukiongoza chuo, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na bodi yake ni akina nani. Na vyuo vyenyewe mkubwa akibadilika vitoe tangazo hata la mistari mitatu, fulani katoka, fulani kaingia, na vyeti vya waliomaliza anasaini nani katikati hapo. Mdogo wake binti yangu anamaliza fomu siksi mwakani na mimi ndo nitakayempeleka, hayo nitayauliza kabla sijalipa hela ya fomu.

Wako,
Mama wa Mbagala,
Dar es Salaam