Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Tuombe kiti kwenye Baraza la Aktiki

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,

Salamu kutoka Shangani, Mtwara. Mimi ni wakala wa forodha, na msimu wa korosho ndio riziki yangu. Nakuandikia kuhusu barafu ya Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, inayoyeyuka na kufungua njia mpya ya meli, na naomba uisome barua hii hadi mwisho, kwa sababu barafu ile inatuhusu kuliko inavyodhaniwa huku kwetu.

Agosti 2017 meli ya gesi iitwayo Christophe de Margerie ilitoka Hammerfest, kaskazini kabisa mwa Norway, ikapita pwani ya juu ya Urusi, ikafika Korea Kusini kwa siku 19. Haikutanguliwa na meli ya kuvunja barafu. Hammerfest ndiko inakosindikwa gesi ya Snøhvit, mradi unaoendeshwa na kampuni ya Equinor. Hiyohiyo Equinor ndiyo yenye Kitalu namba 2 kwenye bahari yetu, ambacho gesi yake tunangoja isindikwe Likong'o, Lindi. Desemba ya mwaka uleule Warusi nao walianza kusafirisha gesi ya Yamal, ambako bahari huganda miezi mingi ya mwaka.

Sisi tunajivunia zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 zilizogunduliwa, na mnunuzi tunayemtarajia yuko Asia. Mnunuzi huyo sasa anabishiwa hodi kwa mlango wa kaskazini pia. Mwaka 2008 wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba kiasi cha asilimia 30 ya gesi ambayo dunia bado haijaigundua iko Aktiki. Vijana wa Lindi waliosomea ufundi wakisubiri mradi uanze wana haki ya kujua kwamba kusubiri kwao kunashindana na kitu hicho.

Sitaki kutia chumvi. Njia ya kaskazini bado ni ya miezi michache, bima yake ni ghali, na Suez haitafungwa kesho. Ila nimekaa bandarini vya kutosha kujua kwamba njia ya mbali ikiyumba, mzigo wa hapa huyumba nayo. Meli zilipoanza kuikimbia Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Afrika Kusini, makontena yakawa adimu na nauli zikapanda hata kwa wasiopitia huko. Wateja wangu walidhani nawaongezea bei kwa tamaa. Sikuwa na la kuwaonyesha.

Na pwani hii, Mheshimiwa, ina sababu ya pekee ya kuogopa njia mpya. Kilwa ilikuwa tajiri kwa sababu dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake. Mwaka 1497 Vasco da Gama akazunguka rasi ya kusini. Mwaka 1502 alirudi na kuilazimisha Kilwa kulipa kodi, na 1505 Wareno wakaiteka. Watu wa Kilwa hawakuwa wajinga, walikuwa wafanyabiashara hodari wenye mahesabu ya bahari nzima hadi India. Lakini mazungumzo yaliyobadilisha maisha yao yalifanyika Lisbon, ambako hawakuwa na mtu wa kuyasikiliza.

Mazungumzo ya leo yana mahali pake. Baraza la Aktiki liliundwa 1996 na lina wanachama wanane: Marekani, Kanada, Urusi, Norway, Denmark, Sweden, Finland na Iceland. Haliamui bei ya gesi wala halishughulikii majeshi. Lakini humo ndimo hujadiliwa usalama wa meli, uchafuzi wa mafuta na hali ya barafu yenyewe. Mwaka 2013 China, India, Japani, Korea Kusini, Italia na Singapore walipewa viti vya uangalizi, yaani vya kuhudhuria na kusikiliza bila kuamua. Itazame Singapore: kisiwa kilicho jirani na mstari wa ikweta, joto kama letu. Kimeomba kiti kwa sababu kinaishi kwa bandari. Katika nchi zenye viti hivyo hakuna hata moja ya Afrika.

Mikindani, bahari ya bamvua ikijaa, tunaangalia kuta za zamani kwa wasiwasi. Barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi bahari; inayopandisha ni ile ya nchi kavu, kama ya Greenland. Wanaoipima mwaka hata mwaka wanakutana huko huko.

Ombi langu ni dogo. Ubalozi wetu Stockholm unatuwakilisha katika nchi tano kati ya hizo nane, na nyingine tatu tuna balozi Moscow, Ottawa na Washington. Tangu Mei 2025 uenyekiti wa Baraza uko Denmark, yaani ndani ya eneo la Stockholm. Mpe ofisa mmoja kazi hiyo kwa maandishi, aanze kutayarisha maombi ya kiti cha uangalizi. Taifa lililomtoa Jaji Warioba kukaa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mwaka 1996 halikosi watu wa kuyaandika maombi hayo.

Na taarifa zake zisiishie Dodoma. Zifike Mtwara na Lindi, kwa Kiswahili, bandarini na kwenye vyama vya ushirika.

Wako mtiifu,
Wakala wa forodha, Shangani, Mtwara