Barua kwa Wanaokaa Viti vya Nyuma Mkutanoni

Wanangu na wadogo zangu,

Nawaandikia ninyi mnaojua mtaro upi umeziba na taa ipi haiwaki, mnaosema kweli mkutanoni, lakini fomu za kugombea udiwani zikianza kutolewa mnamtazamia mwingine akachukue. Basi mgombea huwa mmoja, anapita bila kupingwa, na hakuna aliyemuuliza atafanya nini. Nawasihi mgombee. Tena anzeni mwaka mzima kabla, maana wengi huchelewa kuliko wanavyoshindwa.

Hofu kubwa ni ya kura, na hiyo huyeyuka mtu akipiga hesabu. Chukua kata yenye wapiga kura 3,000 walioandikishwa. Chaguzi za mitaa kwa kawaida huvuta watu wachache kuliko za kitaifa; wakijitokeza theluthi moja, ni kura 1,000. Wagombea wakiwa watatu, kura 400 na kitu zinaweza kutosha. Milango 15 kila jioni, siku nne kwa wiki, kwa wiki 10, ni milango 600. Beba daftari: nyumba, jina, shida aliyoitaja, siku ya kurudi. Kisha urudi kweli, kwa sababu mtu humwamini aliyekumbuka bomba lake kuliko aliyemwachia karatasi yenye picha.

Kwenye makaratasi ndiko ninakowaombea umakini zaidi, kwani wagombea wazuri huanguka kabla hata ya kupigiwa kura. Sheria ikitaka wadhamini 20, na haikuweka ukomo, tafuta 30. Mmoja atakuwa amehama na jina lake liko daftari la kata nyingine. Mwingine keshamdhamini mpinzani wako. Wa tatu amesaini Asha, na daftari la wapiga kura linasema Aisha. Wa nne namba ya kadi yake imepungua tarakimu moja. Kaa na mtu mwenye macho makini, mpitie mstari kwa mstari, kidole juu ya kila namba. Jina lako nalo liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Usiache nafasi tupu. Pasipokuhusu, andika hivyo.

Rudisha fomu siku tatu kabla ya mwisho ili kosa likionekana upate muda wa kulirekebisha, na usiondoke bila nakala yenye muhuri, tarehe na saa. Ukiwekewa pingamizi, muda wa kujibu huwa mfupi sana, kwa hiyo jua mapema rufaa inapelekwa wapi na nani atakuandikia. Aliye mtumishi wa umma asome masharti ya ajira yake kwanza. Kwingine hulazimika kuacha kazi kabla ya kuchukua fomu.

Kina mama, msiambiwe kwamba kiti chenu hakibadilishi kitu. India, kwa marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika 1993, ilitenga angalau theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Watafiti walipolinganisha vijiji vya West Bengal na Rajasthan, waliona kwamba pale uongozi ulipotengewa mwanamke, fedha zilielekezwa zaidi kwenye mambo ambayo wanawake wenyewe walikuwa wakiyalalamikia, maji ya kunywa yakiwa mbele.

Kabla ya kuahidi lolote, omba bajeti ya baraza na mihtasari ya vikao vitatu vya mwisho. Humo utaona diwani anapigia kura nini hasa: sheria ndogo, ada, masoko, taka, barabara za ndani. Ukiahidi hospitali ambayo baraza halina mamlaka nayo, utaonekana mwongo ndani ya miezi sita, na mgombea atakayekufuata mtaani hapo hatasikilizwa. Fedha za kampeni zishikwe na mtu mwingine, kila senti na risiti yake. Wa kununua kura mwacheni. Anayempa mtu fedha usiku hawezi kujibu maswali yake mchana.

Siku ya kura, kila kituo kiwe na wakala wako na wa kumpokea, maana mwenye njaa huondoka saa kumi na kuhesabu bado. Asisaini fomu ya matokeo ikiwa tupu. Asome tarakimu, ajumlishe mwenyewe, asaini, achukue nakala, na akuletee mkononi usiku huohuo.

Mzee wenu