Stika za fremu ya baiskeli: kwa nini zinabanduka, na namna ya kuzibandika zikakaa

Stika mpya ikianza kunyanyuka pembeni baada ya wiki mbili, lawama huenda kwa gundi. Mara nyingi gundi imefanya kazi yake barabara, tatizo ni kwamba imeshika mafuta ya mnyororo, nta au vumbi lililokuwa juu ya rangi. Uchafu ukiachia, stika inaondoka nao.

Kabla hujabandua stika za zamani, piga picha za pande zote mbili huku rula ikiwa imelazwa kwenye bomba. Pima umbali kutoka bomba la usukani hadi herufi iliyo karibu nalo, na urefu wa neno zima. Fremu ikishaparuliwa hakuna kinachobaki cha kumwongoza fundi, na bado mteja atataka iwe kama ilivyokuwa.

Sasa pitisha kucha kwenye ukingo wa stika ya zamani. Kucha ikikwama, stika iko juu ya rangi na itatoka kwa joto. Ikiteleza bila kuhisi ngazi yoyote, huenda stika imefunikwa na vanishi ya kiwandani. Hiyo haibanduki, inaondolewa kwa msasa, na hapo umeshaingia kwenye kazi ya kupaka rangi upya. Ni heri kulijua hilo mapema.

Ile iliyo juu ya rangi, ipashe kwa draya ya nywele hadi bomba liwe la moto lakini mkono unavumilia kuligusa. Inua kona kwa kadi ya plastiki, kisha vuta polepole ukiikunja stika kurudi nyuma juu yake yenyewe, badala ya kuinyanyua wima. Wembe na bisibisi viweke mbali, hasa kama fremu ni ya kaboni. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, subiri dakika kumi, ikwangue kwa kadi, halafu osha kwa sabuni ya vyombo na maji. Petroli na thina huondoa gundi haraka sana, ila rangi ya kopo la kupulizia huyeyuka na kunata palepale. Mafuta ya taa hayayeyushi rangi kwa kasi hiyo, lakini huacha utelezi ambao stika mpya haiupendi.

Usafi wa mwisho ni wa spiriti, isopropili ya asilimia 70. Futa kwa kitambaa kilicholowa, na kabla haijakauka yenyewe pitisha kitambaa cha pili kikavu. Ukiiacha ikauke, mafuta iliyoyalegeza yanarudi palepale yalipokuwa. Baada ya hapo usiguse sehemu hiyo kwa vidole.

Fremu iliyopakwa rangi juzi ina shida nyingine. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku moja, lakini ndani bado inatoa mvuke kwa wiki kadhaa. Ukiifunika, mvuke hukosa pa kutokea na stika inajaa viputo hata kama uliibandika vizuri. Sisi karakanani husubiri wiki tatu hadi nne. Rangi ya unga iliyookwa kwenye tanuri haina kungoja huko: ikishapoa, safisha ubandike.

Kosa linaloonekana kutoka mbali kuliko yote ni maandishi yaliyopinda, kwa sababu jicho haliwezi kukadiria katikati ya kitu cha mviringo. Zungushia bomba ukanda wa karatasi, weka alama pale ncha zinapokutana, ukate, kisha ukunje mara mbili upate robo nne. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 28.6, ambalo ni la kawaida kwa bomba la chini la fremu za zamani, lina mzunguko wa karibu milimita 90, hivyo kila robo ni milimita 22.5. Rudisha ukanda kwenye bomba na mikunjo itakuonyesha juu, chini na ubavu wa kila upande. Fanya hivyo ncha zote mbili za bomba, unganisha alama kwa tepu ya karatasi, na hiyo ndiyo mstari wako.

Kwenye bomba la chini, upande wa mnyororo neno huanzia kwenye pedeli na kupanda kuelekea usukani. Upande wa pili huanzia kwenye usukani na kushuka. Kwa hiyo umbali wa pande zote pimia kutoka bomba la usukani. Ukipima kutoka herufi ya kwanza kila upande, maneno hayatalingana.

Stika nyingi za kukatwa kwa mashine ni za vinaili, yaani plastiki laini, na zina tabaka tatu: karatasi ya nyuma, herufi zenyewe, na tepu ya juu ya kuzihamishia. Ishikize yote mahali pake kwa tepu ya karatasi iliyopita katikati. Inua nusu moja, kata karatasi ya nyuma ya nusu hiyo, laza, sugua kwa kadi kutoka katikati kwenda nje, kisha toa tepu na urudie nusu ya pili. Fanya kazi kivulini, kwenye nyuzi 20 hadi 30. Asubuhi ya baridi ya Mbeya au Limuru gundi huwa ngumu, na fremu iliyoanikwa juani hunasa stika kabla hujainyoosha. Kipande kikubwa kinaweza kubandikwa juu ya maji yenye sabuni, matone mawili au matatu kwa nusu lita. Sabuni ikizidi, kingo hazishiki. Kamua maji yote na usubiri angalau nusu saa kabla ya kutoa tepu ya juu. Kiputo kilichobaki kitoboe kwa sindano, usikikate.

Stika za maji zinazotumika kwenye baiskeli za kale ni nyembamba mno. Zilowe sekunde 30 hadi 60 kwenye maji ya uvuguvugu, kisha zilaze mezani hadi ziteleze zenyewe juu ya karatasi yake ya nyuma. Ukizivutia ndani ya maji zinajikunja kabisa. Zisogeze juu ya bomba lililolowa, kamua kwa sponji, acha zikauke saa 24.

Hizi lazima zipate vanishi, na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Pulizo la kwanza likiwa zito, kiyeyushi kinakunja stika kama utando wa maziwa ya moto. Puliza ukungu tu, umbali wa sentimita 25 hadi 30, subiri dakika 10 hadi 15, rudia mara tatu, ndipo uongeze unene. Jaribu kwanza kwenye kipande cha stika kilichobaki. Vinaili nene kwa kawaida haihitaji vanishi.

Siku mbili za kwanza baiskeli isioshwe. Ukituletea fremu, acha nembo ya chuma ya mbele ilivyo. Ile ya Raleigh yenye ndege mara nyingi imefungwa kwa ribiti, na ikitolewa hovyo inapinda. Namba ya fremu, ambayo mara nyingi iko chini ya pedeli, hatuifuniki hata kwa ombi la mteja.