Timu yenye nafasi ya mishahara isikimbilie majina

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala unaorudi kila fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, zinapomalizika, pale mashabiki wa timu zilizofanya vibaya wanapoanza kupiga hesabu ya dola milioni ngapi timu zao zitabakiwa nazo chini ya kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho ligi imeweka kwa jumla ya mishahara ya kila timu. Wengi wao huliona pengo hilo kama fedha taslimu inayopaswa kutumika mara moja kwa mchezaji huru, yaani aliyemaliza mkataba, mwenye jina kubwa kuliko wote waliopo sokoni, na uongozi usipofanya hivyo huitwa bahili. Nionavyo mimi, katika kiangazi ambacho hakuna nyota wa kweli aliye tayari kuja, timu ifanye mambo mawili: ichukue mikataba inayozielemea timu nyingine na kudai chaguo za drafti (zamu za kuchagua wachezaji chipukizi wanaoingia ligi) kama malipo, na isajili wachezaji wazoefu kwa muda mfupi.

Detroit Pistons wamejaribu njia zote mbili, na matokeo yako wazi. Mwaka 2009 walitumia nafasi yao kuwasajili Ben Gordon na Charlie Villanueva, kila mmoja kwa mkataba wa miaka mitano. Hawakuwa wachezaji wabaya hata kidogo, ila hakuna kati yao aliyeweza kuibeba timu, na ilipofika 2012 Detroit ililazimika kuwapa Charlotte chaguo la raundi ya kwanza ili wakubali kumchukua Gordon. Mwaka mmoja baadaye wakarudia kosa lile lile kwa Josh Smith, dola milioni 54 kwa miaka minne, na Desemba 2014 wakamwachia aende zake huku wakiendelea kudaiwa mshahara wa misimu iliyokuwa imebaki.

Linganisha na kiangazi cha 2024. Timu ilikuwa imetoka kushinda michezo 14 tu kati ya 82, na katika msimu huo ilifungwa mara 28 mfululizo. Ingekuwa rahisi kwa uongozi mpya wa Trajan Langdon kutuliza hasira za mashabiki kwa usajili mmoja wa kishindo. Badala yake Tobias Harris alipewa miaka miwili kwa dola milioni 52, Malik Beasley mwaka mmoja kwa dola milioni 6, na Tim Hardaway Jr., aliyebakiza msimu mmoja katika mkataba wake, alitoka Dallas akiambatana na chaguo tatu za raundi ya pili, Quentin Grimes akienda upande wa pili. Msimu uliofuata Detroit ilishinda michezo 44. Najua kwamba sifa kubwa ni ya mchezaji Cade Cunningham na ya kocha J.B. Bickerstaff, lakini Cunningham asingepata uwazi wa kupenya hadi chini ya kikapu kama Beasley asingekuwa pembeni akifunga mitupo 319 ya pointi tatu msimu mzima. Hakuna mkataba hata mmoja kati ya hiyo mitatu ambao ungeifunga timu mikono kwa zaidi ya miaka miwili.

Kiangazi cha 2016 kilionyesha namna fedha nyingi zinavyoweza kuwalevya hata viongozi wazoefu. Mkataba mpya wa televisheni ulipandisha kikomo kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94.1 kwa mkupuo, karibu kila timu ikajikuta na nafasi, na Lakers wakampa Timofey Mozgov milioni 64 na Luol Deng milioni 72, kila mmoja kwa miaka minne. (Deng, ambaye baadaye alikuja kuliongoza shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini kwa ustadi mkubwa, hakuwa na kosa, hakuna mchezaji anayepaswa kulaumiwa kwa kutia saini alichopewa.) Haukupita mwaka kabla Lakers hawajamtoa mchezaji wao chipukizi D'Angelo Russell ili Brooklyn iuchukue na mkataba wa Mozgov. Lakers walipata Brook Lopez na chaguo la 27, hivyo hawakutoka mikono mitupu, lakini Russell alicheza mchezo wa nyota wote mwaka 2019 akiwa na jezi ya Brooklyn, timu ambayo wakati wa mabadilishano hayo haikuwa na mtaji mwingine wa maana zaidi ya nafasi yake ya mishahara.

Wapo watakaosema kwamba kinachohitajika ni ufundi tu wa kupangilia usajili. Ufundi una thamani yake, na Philadelphia waliuonyesha mwaka 2024. Kanuni huihesabia timu kiasi maalumu kwa mchezaji wake aliyemaliza mkataba ambaye ina haki ya kumsajili tena hata ikivuka kikomo. Kiasi cha Tyrese Maxey kilikuwa takriban dola milioni 13, chini sana ya mshahara aliokuwa anaelekea kuupata, kwa hiyo walimsubirisha, wakaitumia nafasi iliyobaki kumpa Paul George milioni 212 kwa miaka minne, kisha ndipo wakampa Maxey milioni 204 kwa miaka mitano. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Tatizo ni kwamba George alikuwa na umri wa miaka 34. Msimu huo alicheza michezo 41, na timu, iliyoandamwa na majeruhi wengine pia, ilishinda 24.

Mkataba wa ligi na wachezaji wa mwaka 2023 umeipandisha zaidi thamani ya nafasi hii. Kwa msimu wa 2025-26 kikomo kiliwekwa kuwa dola milioni 154.6, na timu inayovuka mstari wa pili wa adhabu, kiwango cha juu zaidi ambacho msimu huo kilikuwa milioni 207.8, hairuhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja. Timu zilizopanda juu hutafuta wa kuwapunguzia mzigo, na wenye nafasi ni wachache. Julai 2025 Brooklyn walikuwa karibu peke yao sokoni, nao Denver wakawapa Michael Porter Jr. pamoja na chaguo lao la raundi ya kwanza la 2032, lisilo na kinga yoyote, yaani litakwenda Brooklyn hata likiwa la juu kiasi gani, ili wampate Cam Johnson, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi.

Kuhusu ubahili, ligi yenyewe imeshaliwekea hilo kipimo: timu isiyofikia asilimia 90 ya kikomo siku msimu unapoanza hukosa mgawo wake wa kodi ya anasa, ile inayolipwa na timu zenye mishahara mikubwa kupita kiasi. Fedha zitatumika kwa vyovyote vile. Hoja ni zitumike kwa nani na kwa muda gani.

Wakati wa kununua nao hufika. Oklahoma City walikusanya chaguo kwa miaka kadhaa, na mwaka 2024, kikosi chao kilipokuwa tayari kimeshinda michezo 57 kikikosa mtu mrefu wa kugombea mipira inayorudi, wakamsajili Isaiah Hartenstein kwa dola milioni 87 kwa miaka mitatu, mwaka wa tatu ukiwa kwa hiari ya timu. Walitwaa ubingwa Juni 2025. Timu ambayo bado haijajua nani atakuwa mchezaji wake bora miaka mitatu ijayo haijafika hapo, na simu zake za kwanza, soko linapofunguliwa, zingeelekezwa kwa timu zilizo juu ya mstari wa pili kabla ya wakala yeyote.

Msomaji wako na mfuatiliaji wa mpira wa kikapu