Barua kwa Binti Yangu wa Donholm, Kuhusu Mitaala

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na mama yako. Sisi huku Kariobangi hatujambo, ila goti langu la kushoto linadai mvua i karibu.

Zile karatasi za mitaala ulizoniachia nimezisoma zote, na nyingine nimezirudia. Najua wewe na mumeo mmekwisha kukata shauri kwamba watoto watasomea nyumbani. Nilisema yangu pale sebuleni kwenu, mkanisikiliza kwa adabu, kisha mkaendelea na yenu. Basi, hayo yamepita. Sasa tuongee kazi.

Naona umeanzia mwisho. Umechora nyota kwenye vitabu vyenye picha nzuri na pembeni ukaandika "hiki atakipenda". Kitabu kije mwisho, mama. Kwanza jiulize mtoto huyu akifika umri wa kuingia chuo atakuwa ameshika cheti gani, na kimetolewa na nani. Halafu jiangalie wewe mwenyewe: Jumatano saa nne asubuhi, mumeo yuko kazini, kwenye cherehani kuna gauni la mteja, na maji ya mgao ndiyo kwanza yameanza kutiririka. Mezani na watoto amekaa nani? Mtaala usiojibu maswali hayo mawili hautamaliza muhula.

Nianze na mkubwa, maana yeye hana muda wa kupoteza. Januari anaingia Gredi ya 4. Katika mfumo wa zamani wa 8-4-4 niliofundisha tangu ulipoletwa mwaka wa 1985, mambo yote ya msingi yaliamuliwa na mtihani mmoja wa Darasa la Nane, KCPE, na wa mwisho ukafanywa 2023. Huu mtaala wa umilisi, ambao watu bado wanauita CBC hata baada ya serikali kuanza kuuita CBE, hauendi hivyo. Alama zinaanza kukusanywa Gredi ya 4. Tathmini za shuleni zinawekwa kwenye hesabu pamoja na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Ukifika Gredi ya 9, KJSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa sekondari ya chini, yenyewe ni asilimia 60, KPSEA ya nyuma inaleta 20, na tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 zinajaza 20 zilizobaki. Na anayeziingiza alama hizo katika tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC, ni shule. Mzazi hana pa kuziingizia.

Kwa hiyo ukisema mkubwa atafuata mtaala wa Kenya nyumbani, maana yake ni kwamba umepata shule iliyosajiliwa itakayomwandikisha, itakayompa nambari ya tathmini, na itakayompokea siku za tathmini na za kuwasilisha miradi. Shule ndogo za binafsi huko Eastlands ziko tele, na baadhi hukubali mipango ya namna hiyo. Lakini usitosheke na "hakuna shida, mama" ya karani dirishani. Zungumza na mwalimu mkuu, akuandikie kwa barua. Muulize nani atasahihisha miradi ya mtoto, karo ya mpango huo ni kiasi gani, na ikiwa shule itafungwa au kuhama, rekodi za mtoto zitakwenda wapi. Hilo la mwisho wazazi husahau kuliuliza, nami nimeona watoto wakihangaika kwa sababu hiyo.

Tena kuna sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria, na haikumwekea utaratibu mzazi anayefundisha nyumbani. Sikutishi. Nakwambia uweke faili: barua ya shule, kazi za mtoto zenye tarehe, ratiba ya kila wiki. Siku jirani akienda kumwambia chifu kwamba kuna watoto wa rika la shule wanaoonekana dukani saa tatu asubuhi, uwe na kitu cha kumwekea mezani.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haili pesa nyingi. Miundo ya mtaala ya kila gredi inapatikana bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, na vitabu vilivyoidhinishwa vimeorodheshwa kwenye kile wanachokiita Kitabu cha Chungwa. Somo moja, kitabu kimoja. Usiwasikilize wanaokuuzia vitatu. Vingi utavipata kwa wale wauzaji wa vitabu kuukuu mjini, wanaovipanga chini kando ya barabara, ila angalia kurasa za katikati kabla hujalipa.

Ile njia ya pili, ya mtaala wa Cambridge wa Uingereza, ni nzuri na ni ghali, na ughali wake hauonekani mapema. Miaka ya chini utaona vitabu tu. Bili inakuja kwenye IGCSE, mitihani yao ya sekondari, kwa maana kila somo lina ada yake ya mtihani, na mtahiniwa wa kibinafsi lazima ajisajili kupitia kituo kinachokubalika, kama British Council hapa Nairobi. Kama mtafika huko, kumbukeni jambo moja: masomo ya sayansi yana karatasi mbadala ya maabara, ambapo mtoto anajibu maswali kuhusu majaribio bila kuyafanya mbele ya msimamizi. Hiyo ndiyo inayomfaa mtoto wa nyumbani. Masomo yenye kazi za muhula zinazosahihishwa na mwalimu wa kituo, muyaepuke.

Zile za ACE, mtaala wa Kikristo wa Marekani, ndizo zilizonikalisha usiku. Mfumo huo ulianzia Texas mwaka wa 1970, na wazazi wa makanisani hapa Nairobi wanaupenda sana. Sasa nimeelewa kwa nini. Kila somo limegawanywa katika vijitabu, 12 kwa mwaka. Mtoto anajipangia mwenyewe kurasa za siku, anasoma peke yake, anajisahihisha kwa kitabu cha majibu, kisha anafanya mtihani wa mwisho wa kijitabu na asipopata asilimia 80 anarudia. Mama mwenye cherehani akisoma hayo anaona mbingu zimefunguka.

Ila mimi ni mwalimu, nina mawili ya kusema. Kusoma peke yako kunataka uwe unasoma vizuri tayari, na Kiingereza cha mkubwa bado kinachechemea. Ataziba mapengo kwa kunakili neno kutoka aya ya juu, apate 90, na asijue amesoma nini. Halafu hilo la kujisahihisha! Mjukuu wangu namjua. Kile kitabu cha majibu utakifungia kabatini pamoja na sukari. Hesabu za ACE zimejaa dola na senti, na katika karatasi ulizoniachia Kiswahili sikukiona. Cambridge angalau wana mtihani wa Kiswahili. Na cheti cha ACE, kabla hujatoa hata shilingi, uliza KNQA, mamlaka inayolinganisha vyeti vya nje na vya hapa, uliza pia chuo kikuu chenyewe kitahitaji nini juu yake. Muuzaji wa vitabu si mtu wa kukujibu swali hilo.

Karatasi ya nne ni ya yule mama Mwingereza, Charlotte Mason, aliyefariki mwaka wa 1923. Huyu nimempenda, ingawa hana cheti cha kukupa. Masomo mafupi, vitabu vyenye hadithi nzuri, mtoto akimaliza kusomewa asimulie kwa maneno yake mwenyewe, na kutoka nje kutazama ndege na miti. Kusimulia ndiko bibi zetu walikotufundisha bila kukipa jina. Chukua hizo mbinu zake uzitie ndani ya mtaala wa Kenya. Mtoto asome fungu la Sayansi, afunge kitabu, akusimulie huku wewe unakata kitambaa. Mikono yako iko kazini, masikio yako darasani.

Shauri langu basi: mkubwa abaki kwenye mtaala wa Kenya chini ya shule hadi KPSEA ipite, halafu mtaamua tena. Hata akihamia Cambridge baada ya Gredi ya 6 hatakuwa amechelewa. Kurudi kutoka huko kuja huku ndiko kugumu, kwa sababu zile alama za Gredi ya 4 na ya 5 hazitengenezwi nyuma. Mdogo ndiyo kwanza anamaliza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Huyo kusoma, kuhesabu na kucheza kunamtosha mwaka mzima.

Sasa nyumba yenyewe. Naona umeandika ratiba ya kuanzia saa mbili hadi saa tisa, kama shule. Itakuua. Kipindi cha shule katika Gredi ya 4 ni dakika 35, na mimi niliyekuwa na watoto zaidi ya 60 darasani nakwambia nusu yake ilikwenda kwa kuita majina, kugawa madaftari na kumtafuta aliyeficha kalamu ya mwenziwe. Ukiwa na watoto wawili mezani, saa tatu za asubuhi zinatosha, mradi zisikatwekatwe. Adui wako ni kukatwakatwa. Wateja wasije kupima nguo kabla ya saa saba. Waandikie, na uwe mkali hasa na yule wa kwanza atakayekuja saa nne akisema anapita tu. Simu iwe chumbani.

Ratiba ifuate mgao wa maji na wala isishindane nao. Siku ya maji ndiyo siku ya kufua, basi siku hiyo wasome hesabu na kusoma kwa sauti tu, halafu watoto wachote na wapange mitungi. Lita na mililita ziko kwenye mtaala, wapime hapohapo. Stima ikipotea, vitabu bado vinasomeka mchana. Kwa hiyo usiegemeze masomo kwenye video za simu. Mwaka 2020 shule zilipofungwa tuliona nani aliendelea kusoma na nani alibaki akingoja bando.

Maharagwe na githeri vichemshwe Jumapili, vigawanywe, viwekwe kwenye friji. Mama yako anasema umwambie mumeo aoshe vyombo vya usiku, kwa sababu ukiamka ukavikuta, darasa litaanza saa nne. Mimi naongeza kwamba hesabu za mkubwa zimngoje yeye jioni, hata nusu saa. Watoto hawawezi kuwa wako asubuhi, wako mchana na wako usiku.

Wafundishe pamoja yanayowezekana pamoja: hadithi, Kiswahili, muziki, mazingira. Watenganishe kwenye hesabu na kusoma tu. Na Ijumaa watoke nje. Maktaba ya Makadara haiko mbali nanyi, na ya Kaloleni pia. Wapeleke Makumbusho ya Taifa wamwone yule Mvulana wa Turkana, mifupa yenye umri wa miaka milioni moja na nusu hivi, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984 huko Nariokotome. Kimeu mwenyewe alipata shule ya msingi tu, na macho yake yaliona kile ambacho wasomi walikuwa wakikitafuta. (Mkubwa akianza kulitumia hilo kama sababu ya kuacha hesabu, mwambie babu amekataa.) Jioni shule zikitoka, wacha washuke uwanjani wacheze na wenzao wa ploti. Hapo ndipo watu watakapoacha kuwauliza kama wamefukuzwa shule.

Jumanne na Alhamisi nitakuja mimi. Nitashika Kiswahili na hesabu za mkubwa, na wewe saa hizo ushone, usije kunisikiliza mlangoni. Nauli naimudu. Ninachotaka ni chai ya maziwa na kiti chenye mgongo.

Jumatatu nitapita kwenye ile shule uliyoitaja, nizungumze na mwalimu mkuu kabla hamjalipa chochote. Walimu wastaafu huambiwa mambo ambayo wazazi hawaambiwi. Wewe uwe umeandaa cheti cha kuzaliwa cha mkubwa na ripoti yake ya Gredi ya 3. Na mwambie mumeo asiitupe ile meza kuukuu ya mbao. Mguu mmoja tu ndio mbovu, nitakuja na nyundo.

Ni mimi,
Baba yako