Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: tumlee daktari wa picha za wanamichezo kutoka Tabora

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, makocha wa mitaani na nyie vijana mliojiunga mwaka huu, mwangaluka wote. Tumshukuru Mungu tumefika mwisho wa mwaka. Waliotangulia tuwaombee na wenye wagonjwa tuendelee kupitiana majumbani kama tulivyozoea. Mambo ya hela sitayagusa, mweka hazina ana daftari lake na risiti zake na atasoma mwenyewe, mimi nataka niongelee kazi tuliyofanya na ile ishu iliyotugawa kwenye kikao cha katikati ya mwaka, manake wengine hawakuwepo na wamesikia nusu nusu.

Ishu yenyewe ni hii. Nusu ya kamati walitaka akiba yote iende kwenye jezi na kombe la vijana la kiangazi. Nusu nyingine, na mimi nikiwa humo, tukasema hapana, sehemu kubwa iende kuwashika mkono vijana wanaotaka kusomea tiba za michezo, na hasa upande wa picha, yaani eksirei, ultrasaundi, CT (eksirei ya kuzunguka mwili) na MRI (mashine ya sumaku). Tulibishana sana siku ile, sauti zilipanda, ila tukapiga kura tukamaliza na nawashukuru walioshindwa kwa sababu baada ya hapo ndo wamefanya kazi kuliko wote.

Tangu Tabora United ipande Ligi Kuu msimu wa 2023/24 huu mji umebadilika, kila mtoto kuanzia Ng'ambo mpaka Ipuli anataka kucheza, siku ya mechi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi unaona watu wametoka hadi Urambo na Nzega, na hilo ni jambo zuri sana. Lakini mpira una majeruhi, riadha ina majeruhi, na wa kwetu wengi wanaishia kwenye barafu na kuchuliwa, wiki inayofuata yupo tena uwanjani anachechemea. Akizidiwa ndo anapelekwa eksirei, na eksirei ikitoka mfupa mzima basi anaambiwa huna kitu, kacheze.

Mwaka huu tulikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, anakimbia mbio za kati, jina na shule nayaacha. Alilalamika muundi wa kulia kwa muda mrefu, akapigwa eksirei, ikatoka safi. Wenzake wakaanza kusema anadeka, anakwepa mazoezi. Mimi kwa vile kazi yangu ni mtaalamu wa mionzi mama yake akaniletea ile filamu niitazame, nikaiweka kwenye mwanga na kweli haikuwa na kitu, aliyeisoma alisoma sawa. Ila nilipopitisha kidole juu ya muundi wake taratibu kutoka goti kushuka chini kuna sehemu moja, ukubwa wa sarafu tu, nilipogusa aliruka. Maumivu ya kutapakaa muundi mzima ni kitu kingine, haya ya kukaa sehemu moja tena kwenye mfupa wenyewe lazima uyaogope. Tukaongea na daktari wake, akasimamishwa kukimbia, picha ikarudiwa baada ya wiki kama tatu hivi na safari hii ikaonekana, pembeni ya mfupa pameota utando mweupe na katikati yake kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele. Huo ni mpasuko wa uchovu. Mfupa unapigwapigwa kila siku bila kupata muda wa kujijenga mpaka unaanza kupasuka, na eksirei mara nyingi inauona ukishaanza kuunga, kabla ya hapo unaweza kupiga picha hata tano usione chochote. MRI ingeuona siku za mwanzo kabisa kwa sababu inaonyesha maji ya uvimbe ndani ya uboho. Lakini wagonjwa wetu wakiandikiwa MRI tunasafiri nao, ni Dodoma pale hospitali ya Benjamin Mkapa au Dar kwa Muhimbili na taasisi ya mifupa ya MOI, nauli, kulala, kula, bado hujalipia kipimo.

Binti anaendelea vizuri, ameanza kukimbia kidogo kidogo kwenye majani. Angeendelea na mazoezi kwa sababu "eksirei haina kitu" ule mfupa ungeweza kukatika kabisa siku ya mashindano.

Sasa huyu daktari wa picha ni nani, manake nimegundua hata humu ndani tunachanganya. Mimi na wenzangu wataalamu wa mionzi ndo tunaopiga picha, tunamlaza mgonjwa, tunapanga pembe, tunaweka kiwango cha mionzi. Anayesoma na kuandika ripoti ni daktari bingwa wa radiolojia. Kati ya hao kuna wanaobobea kwenye mifupa, viungo na misuli, na ndani ya hao kuna wanaofanya kazi na timu na wanariadha. Mgonjwa wa kawaida anataka kujua umevunjika au haujavunjika. Mchezaji anataka kujua nitarudi lini, kocha naye anapiga simu kila siku, na jibu inabidi litoke kwenye picha. Mfano nyama za nyuma ya paja zikichanika, riadha ya Uingereza walitoa mfumo wao mwaka 2014 wa kupanga majeraha ya misuli kuanzia 0 mpaka 4, halafu wanaongeza herufi, a ni jeraha la kwenye utando wa nje ya msuli, b ni la ndani ya nyama au pale nyama inapoungana na kano, c ni limeingia kwenye kano lenyewe. Wachezaji wawili wanaweza kuchechemea sawasawa kabisa, mmoja ana 2a mwingine ana 2c, na huyu wa c ukimharakisha unamrudisha pale pale tena vibaya zaidi. Hiyo tofauti huwezi kuipata kwa kuangalia anavyotembea.

Na msidhani ni kazi ya pembeni. Olimpiki ya Rio 2016 walikuwa wanamichezo zaidi ya 11,000, na kwenye kituo kikuu cha picha vilifanyika vipimo 1,015, kati ya hivyo MRI 607, eksirei 304 na ultrasaundi 104. Kuna mtu alikaa akasoma zote hizo. Nchi yetu na Kenya na Uganda tumepewa AFCON ya 2027, wageni watakuja na madaktari wao lakini na sisi tunatakiwa tuwe na wa kwetu ambao wanaongea lugha ya mpira na lugha ya picha.

Makocha wa vijana mlinipigia makofi niliposema hili la umri kwa hiyo nalirudia kwa wasiokuwepo. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Nigeria 2009 FIFA wanatumia MRI ya kifundo cha mkono, hapa karibu na kiganja, kuangalia umri. Ile sehemu laini ya kukulia kwenye ncha ya mfupa ikishafunga kabisa inaonekana huyu kwa uwezekano mkubwa sana amevuka 17. Hawatumii eksirei kwa kuwa hawataki kumpiga mionzi mtoto mzima asiyeumwa, MRI ni sumaku haina mionzi. CAF nao wanapima hivyo hivyo. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, tuliumia mwaka 2005 kwa kuenguliwa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, kwa hiyo tafadhali sana hivi vyeti vya kuzaliwa vya kupunguza miaka tuachane navyo, mtoto anajengewa ndoto halafu inakatika kwenye mashine.

Tukaenda mashuleni. Vijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wana maswali mazuri kuliko sisi watu wazima, naomba niseme hivyo. Swali lililorudi kila tulipoenda ni hili, kwamba kazi ya mionzi inaua kizazi. Niliwajibu kwa kuvua beji yangu na kuipitisha mikononi mwao waishike. Hiyo beji inapima mionzi niliyopata mwilini, inakusanywa na kusomwa chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomu, nikizidisha kiwango wanajua kabla yangu. Tuna aproni ya madini ya risasi, tuna ukuta, na tuna umbali, ukisogea mara mbili mbali na chanzo unapata robo tu ya mionzi. Ultrasaundi ni mawimbi ya sauti, haina mionzi kabisa. Binti mmoja aliuliza kama mwanamke anaweza, nikamwambia anaweza tena tunamhitaji, wachezaji wa kike wengi hawako huru kuvua mbele ya daktari mwanaume na majeraha ya nyonga yanafichwa mpaka yanaharibika.

Njia yenyewe ni ndefu na sitaki kumdanganya mzazi yeyote. PCB kidato cha sita, udaktari miaka 5, intaneshipu mwaka 1, usajili, unafanya kazi kidogo, halafu umahiri wa radiolojia, chuo cha MUHAS Dar wanao na KCMC Moshi wanao, kama miaka 3 mpaka 4. Ukitoka hapo ndo unatafuta mafunzo ya ubobezi wa mifupa na misuli, mara nyingi mwaka 1 na mara nyingi nje ya nchi. Kijana wa miaka 19 leo ataanza kuitwa bingwa akiwa anakaribia au amevuka 30. Aliyesoma diploma ya utabibu akiwa na alama nzuri anaweza kuombea udaktari, hilo vijana wengi hawalijui. Diploma ya radiografia ni mlango mwingine, unakupeleka kwenye digrii ya radiografia na ni kazi kamili yenye baraza lake na heshima yake, mimi mwenyewe imenilelea watoto, ila asije mtu akawaambia kwamba ukiingia hapo unatokea kwenye udaktari moja kwa moja.

Kinachowaangusha wengi wetu ni fizikia. Wanaikimbia kidato cha tatu wakiambiwa udaktari ni baiolojia, halafu baadae wanakuta mlango umefungwa, na radiolojia ndo udaktari wenye fizikia nyingi kuliko wote, sumaku, mawimbi, atomu, kila kitu. Kwa hiyo kamati imepitisha tuisheni ya fizikia jumamosi, walimu wawili wanachama wamejitolea, tunalipa chaki, fotokopi na chai tu.

Tulifanya pia semina ya makocha kuhusu enka. Kuna kanuni za Ottawa za Canada, za mwaka 1992, na nataka kila kocha azijue kichwani. Mchezaji ameumia enka na anasikia maumivu hapo kwenye kifundo, bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, zile sentimita 6 za mwisho, ndani na nje. Kama mfupa unauma, au hawezi kukanyaga hatua 4 pale pale alipoumia na hata akifika hospitali, eksirei ni lazima. Kama hakuna hata kimoja uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana, unaokoa hela ya mzazi. Maumivu ya katikati ya mguu kuna sehemu zake nyingine, tulizifanya kwa vitendo, asiyekuwepo amuone katibu.

Mwakani, wenzetu matabibu na madaktari tunaomba angalau wawili wajifunze ultrasaundi ya misuli na viungo. MRI ni jambo la bajeti kubwa hatuna uwezo nalo, ultrasaundi mashine zipo na inaona nyama iliyochanika na kano huku mchezaji anakunja na kukunjua mguu hapo hapo kitandani, inayokosekana ni mikono iliyofundishwa. Vijana wa kidato cha sita tutawasaidia kujaza fomu za mkopo mapema, mwaka huu wapo walioangushwa na makaratasi wakati akili wanazo.

Na la mwisho naomba kwa wanachama wote. Kila nyumba humu Tabora ina filamu za eksirei za zamani, zipo juu ya kabati, zipo chini ya godoro, zingine zimeshakuwa kioo cha dirisha la choo. Zile za majeraha ya michezo tunazihitaji za kufundishia vijana. Mwenye nayo na aliyeumia akikubali, mkate jina na namba ya hospitali kwenye kona, muandike nyuma aliumia mchezo gani na alikuwa na umri gani, mzilete kwa katibu kabla ya mwisho wa Januari, zisikunjwe.